Mwanga wa Upande wa Kushoto

Saa kumi na moja na nusu jioni mpiga picha aliingia uani, akasogeza ndoo, akafungua kamba moja ya nguo, akawasimamisha watu watatu kwenye nyasi: baba, mama, na binti yao aliyevaa joho la kuhitimu.

"Jua la saa saba linamkunja mtu uso kama kalamba ndimu," aliwaambia. "Hili la jioni lina adabu. Linapiga hodi kwanza."

Yaya alikuwa amesimama nyuma ya binti, anamweka sawa kola. Alikuja nyumba hii binti akiwa na siku tisa, na kesho asubuhi anaondoka, maana hakuna tena wa kulea. Miaka ishirini na tatu, hana picha hata moja na mtoto huyo. Aliomba hiyo tu. Gauni lake alilipiga pasi mara mbili.

"Dada, wewe subiri kwanza," mama alisema. "Tukimaliza za familia, na wewe utapigwa na mwanao."

Yaya akarudi nyuma mpaka kwenye bomba la maji. Mwanga ukaondoka naye. Uliwatoka wale watatu usoni, ukavuka nyasi, ukamkalia yaya mabegani. Mpiga picha akatazama juu. Wingu hakuna.

"Jua limemfuata dada," alisema, kama anayesema betri imeisha.

"Si ulirudishe," baba akasema. "Wageni wako njiani."

"Dawa ni na yeye aingie, mzee."

"Mpangilio utaharibika," mama akasema. "Si wewe umetuambia watatu ndio wanakaa vizuri?"

Kweli alisema. Ndivyo alivyofundishwa chuoni. Basi akamweka yaya kushoto, hatua mbili nje ya picha, akiwaelekea. Mwanga ukawa unatoka kwake na kuwaangukia wale watatu, laini, bila kivuli chini ya pua. Tangu aanze kazi hakuwahi kupata mwanga kama ule.

"Inua kidevu, dada. Hapo hapo. Usilie basi, mwanga unatetemeka."

Yaya akajizuia. Mwanga ukatulia.

"Bibie wa joho, angalia kamera. Kamera ni hii, siyo huko."

Alipiga picha arobaini. Zamu ya yaya ilipofika, binti alishaitwa ndani kupokea wageni, na jua lilishazama.

"Tutapiga siku nyingine, dada," mpiga picha akasema, huku akikunja miguu ya kamera.

"Haya, baba," yaya akajibu, akaenda kuanua nguo zilizobaki.

Siku hizi nyumba ile wanawasha taa kuanzia saa nane mchana. Wameshazoea. Ile picha imetundikwa sebuleni, na kila mgeni anausifia mwanga wake. Mmoja tu ndiye aliyeuliza binti anamwangalia nani kule pembeni, mbona machozi yamemlenga.

"Hakuna mtu," mama alimjibu, akimsogezea chai. "Ulikuwa mwanga tu."