Sindano Iliyosikiliza Ardhi

Vikombe vilipogongana kabatini, Kaneza aliutupa mwiko, akalikumbatia tumbo lake la ujauzito na kutoka mbio. Adelfina alimkuta kwenye migomba, anatweta.

"Mizinga, Mama! Askari wamevuka mto."

Adelfina, mjane wa kijiji cha Kasulo, alimpokea binti huyo Mrundi mwaka ule barabara ya Ngara ilipofurika wakimbizi kama mchwa waliobomolewa kichuguu. Alimwita mwanangu, hata akasahau kwamba hakumzaa. Lakini hofu haina mwenyeji. Kila kishindo kilimfungisha Kaneza virago. Safari hii aliazimia kwenda Biharamulo, na mbele zaidi, ingawa uchungu ungeweza kumkuta porini.

"Ni nyamugigima, mwanangu. Ardhi imetikisika tu."

"Hata kwetu walituambia ni radi tu."

Adelfina alimshika mkono, akamwingiza ghalani, walimokuwa wakihifadhi kahawa. Luhende, fundi wa Kisukuma aliyefunga humo kipimatetemeko, alikuwa ameinamia mtambo wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mwonyeshe mwenzio kilichotutikisa."

Luhende akasogea kando. "Dada, hii ni sindano. Hii inayozunguka na karatasi ni silinda. Ardhi ikitulia, sindano huchora mstari mnyoofu." Kidole chake kikafuata wino. "Hapa yamefika mawimbi madogo, ya haraka. Kisha haya makubwa. Kisha yakafifia polepole. Mzinga hupiga ukanyamaza. Hauna mkia mrefu namna hii. Hili ni tetemeko, tena limetoka mbali."

Kaneza akauinamia ule mkia wa wino.

"Na mtu akikanyaga?"

"Jaribu."

Akapiga mguu sakafuni. Sindano ikaruka.

"Huyo ni wewe," Luhende akasema.

"Hapana." Kaneza akagusa tumbo lake. "Ni sisi wawili."

Akacheka. Adelfina hakuwahi kukisikia kicheko chake. Kilikuwa kipana, cha kijeuri kidogo, cha mtu aliyewahi kupendwa sana kwao.

Asubuhi iliyofuata alimkuta shambani, ameinama kwa taabu, akifukia mbegu za maharage.

"Mvua haijakaza, mwanangu."

"Itakaza, Mama." Kaneza akajinyoosha, mkono kiunoni. "Niletee na za mahindi."

Mahindi, ambayo hukawia kukomaa. Adelfina akageuka kuyafuata, akivuka umande bila kukumbuka kuvaa viatu.