Mkosi wa Turbine

Turbine ni timu ya mtaa wetu, komini ya Tshopo. Imepewa jina la mashine za bwawa letu la umeme, lakini msimu huu hata kibatari isingewasha. Ilifungwa mvua ikinyesha, ikafungwa jua likiwaka, ikafungwa hata na vijana wa Yanonge walioshuka mtumbwini wamelowa na hawajala. Mashabiki wakapungua kama sabuni. Papa Katembo hakupungua. Kila Jumapili baada ya misa alisimama jukwaani na jante, ile ringi ya chuma ya gurudumu la baiskeli, akiigonga kwa spana mpaka majirani wakaziba masikio.

Msimcheke. Huyu ni Mnande wa Butembo, anauzia vipuri waendesha toleka, zile baiskeli za kubeba abiria, na miaka yote aliyokaa hapa, sokoni wanamwita mopaya, mgeni. Jukwaani tu ndipo alipokuwa Papa Jante, mtu wa hapa.

Kilichomponza ni mdomo wake. Jumapili moja malaria ilimlaza, na siku hiyo hiyo, kwa mara ya kwanza, Turbine ikashinda. Kwa furaha akawaambia waliomletea habari, "Alors, nibakie tu mugonjwa!" Wakacheka sana. Alipopona akarudi na jante yake, Turbine ikachapwa, na hapo hakuna aliyecheka. Ikachapwa tena na tena. Watu wakaanza kusogea mbali naye kwenye benchi.

Ikafika mechi ya mwisho. Wakifungwa wanashuka daraja, na timu inavunjwa. Cyprien, kiongozi wa mashabiki, alimsubiri mlangoni pa uwanja, macho chini.

"Papa, hatuna maneno na wewe. Lakini leo usiingie."

"Cyprien, mimi njo mukosi?"

"Sisemi vile, papa. Bon... bakia tu hapa inje."

Akabaki. Alikaa chini ya ukuta, jante magotini, ngoma za wenzake zikimpita juu ya kichwa. Akaanza Salamu Maria, akafika mahali pa kuomba, akakwama. Aombe nini? Wakifungwa, Turbine hakuna tena. Wakishinda, basi mkosi kweli ni yeye, na mle ndani hatakanyaga maisha yake yote. Alikata tamaa vibaya, akatamani mechi isiishe kabisa. Mwishowe aliomba washinde. Aliomba kwa hasira, meno yameumana.

Kelele zikalipuka. Za nani? Alisimama, akakaa, akasimama tena. Kisha mlango ukafunguka, Cyprien akatoka mbio, kifua wazi, analia, akamkumbatia kwa nguvu.

"Papa, tumebakia! Tumebakia! Unaona? Haukuingia, tukashinda. Mwaka unakuya, tunakuomba, ufanye vile vile." Akanyoosha mkono. "Leta jante, tuimbe nayo mu barabara."

Papa Katembo akampa jante. Akampa na spana.

Wimbo ukashika njia ya kurudi Tshopo, jante ikilia mbele, mtu akiigonga ovyo, bila mpigo. Papa Katembo aliwafuata. Furaha ilimjaa na machozi yalimtoka, vyote pamoja. Aliimba kimoyomoyo, akatembea upande wa pili wa barabara, na kila walipopunguza mwendo naye alipunguza, asije akawakaribia.