Nafasi Kumi na Mbili za Marehemu

Usiku wa kuamkia jana Anyelwisye Mwakatobe, mhariri msaidizi wa gazeti dogo la Mbeya, aliota yuko kazini mchana, anapanga ukurasa wa matukio ya mwaka. Mafuriko ya Aprili yalikwisha kukaa mahali pake. Uchaguzi nao. Vilibaki vifo.

"Nina nafasi kumi na mbili za marehemu," ukurasa ukamwambia. "Asiyeandikwa hajafa."

"Sawa," akajibu Anyelwisye, maana ndio ulikuwa utaratibu wa ofisi.

Lakini korido imejaa watu. Wameketi kwenye mabenchi, sanda wamezikunja mapajani, wanasubiri. Dereva wa lori anauliza kama kuna chai. Mwalimu aliyesombwa na maji anakamua soksi. Mwisho kabisa, miguu imemvimba, ameketi mama yake Anyelwisye.

"Mama, unafanya nini hapa?"

"Niko hapa tangu Agosti, mwanangu. Kila nikifika mlangoni naambiwa jina langu halijaletwa."

Ni kweli. Alipofiwa, Anyelwisye aliomba ruhusa ya siku mbili, akasema ana malaria. Alizika, akarudi kazini, hakumwambia mtu. Aliogopa kulitamka.

"Basi kaa," akamwambia mama. "Nisipokuandika, utarudi nyumbani."

"Nyumbani kwa miguu hii? Nimechoka, Anye. Niandike."

Korido imekuwa wodi, na katikati ya vitanda imeota migomba. Ukurasa unasema umejaa, mpaka atoke mmoja. Anyelwisye anamfuta waziri mstaafu. Waziri anaingia na pamba zake puani, anauliza gari lake liko wapi, anaondoka amenuna.

Anyelwisye anaandika huku analia: jina, kijiji, miaka sabini na moja. Mama anasimama, anajifunga khanga vizuri, anapita mlangoni. Hageuki nyuma.

Simu ikamwamsha. Alikuwa mkuu wake, Bi Kokugonza, ambaye huzikagua kurasa zote mwenyewe kabla hazijakwenda mitamboni.

"Anye, gazeti limetoka. Sijui limepitaje mikononi mwangu, lakini nimemsoma mama yako hapa, Agosti. Pole sana, mdogo wangu. Mbona ulituambia malaria?"

Anyelwisye aliketi kitandani, akatafuta uongo mwingine, akaukosa.

"Alifariki tarehe tisa, dada," akasema. "Asubuhi. Nilikuwa nimemshika mkono."