Ya Kuuzia au ya Kuendeshea

Swali la kwanza aliloniuliza muuza matairi halikuwa la saizi wala la bei. Alifuta mikono kwenye tambara, akaikagua pikipiki yetu kuanzia taa ya mbele mpaka ya nyuma, halafu akasema, "Dada, unataka matairi ya kuuzia au ya kuendeshea?"

"Ya kuuzia," nilimjibu bila kupepesa macho.

Nilikuwa nimeisukuma kutoka nyumbani, mteremko kisha mpando, jasho limelowesha mpaka futi ya kupimia nguo niliyoisahau shingoni. Kuendesha sijui. Mwendeshaji ni mume wangu, Baba Pacha, na yeye tangu aanguke msimu wa mvua hajaipanda tena. Mguu ulipona, plasta ikakatwa, mkongojo ukatupwa uvunguni. Lakini kila nikiitaja pikipiki, anajitwika mzigo wa nguo begani na kuondoka kwa miguu. Mimi nashona sare za shule na mapazia, yeye ndiye msambazaji. Kwa miguu anafikia wateja wawili kwa siku badala ya wanane, na wale wa mbali walishaanza kutafuta fundi mwingine. Juzi akaniambia, "Iuze tu, Mama Pacha. Chombo kimenishinda."

Maneno hayo yaliniuma kwa sababu yalikuwa yangu.

Siku aliyoanguka, pale kwenye kona ya tangi la maji, hatua chache tu chini ya nyumba yetu, wasamaria walimleta wamemshika kwapani, suruali imechanika, sare thelathini zote tope tupu. Mke mwenye akili angesema pole. Mimi nilisimama barazani, majirani wamejaa hadi uani, nikapaza sauti, "Mwanamume mzima unashindwa na kona! Sema tu chombo kimekushinda!" Ni hofu iliyonisemesha, lakini nani husikia hofu ndani ya maneno kama hayo? Watu wakacheka. Yeye hakunijibu, si siku ile wala baadaye. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi niliyamwaga mbele ya watu.

Basi mnunuzi alikuwa amepatikana, mwalimu mmoja wa hesabu, na angekuja Jumamosi. Alisema bei anaikubali, ila matairi yawe na sura. Ndiyo maana nilikuwa pale.

Muuza matairi ni mwanamke wa rika langu, mikono myeusi mpaka viwikoni. Watu humwita Bi Upepo kwa sababu ya pampu yake inayokoroma kutwa. Nilikuwa nimesikia kwamba ulimi wake una makali kama wangu, na kwa kweli nilikuwa nimejiandaa.

"Saizi?" akauliza.

Nikatoa kikaratasi kwa maringo. "Usinidanganye, nimepima mwenyewe. La nyuma, inchi sabini na nne kiunoni."

"Kiunoni!" Bi Upepo alicheka mpaka akakalia tairi. "Na mapajani je, dada? Umeliachia nafasi ya kupanuka likinenepa?" Alipopata pumzi akainama, akapangusa vumbi ubavuni mwa tairi, na namba zikatokea, kubwa, zimechongwa na kiwanda. "Imeandikwa hapa. Na pikipiki umekuja nayo."

Nikakikunja kikaratasi changu na kukirudisha mfukoni.

Alinitolea matairi mawili yanayong'aa kama viatu vya bwana harusi. Meno yake marefu, weusi wake umekolea. Ni ya mtumba, akasema, na pesa nilizokuwa nazo zilitosha yote mawili. Ningelipa pale pale kama si mikono yangu. Mikono ya fundi nguo haiamini macho, lazima ishike. Nilipitisha kidole, kikatoka na rangi. Nikalifinya tairi ubavuni, nikaona nyufa nyembamba zikifunguka na kujifunga. Mpira wa kiunoni wa sketi ya zamani hufanya vile vile: ukiuacha unaonekana mzima, ukiuvuta unaona umeshakufa.

"Hili limepakwa," nikasema.

"Limepakwa, ndiyo." Hakuona haya hata kidogo. Akanionyesha tarakimu nne ndani ya kiduara kidogo. "Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Soma mwenyewe."

Nikasoma. Tairi lile lilikuwa na miaka kumi na mmoja. Pacha wangu wana tisa.

"Na unaniuzia?"

"Nilikuuliza, ukajibu ya kuuzia. Ya kuuzia ndiyo haya, yanatembea vizuri mpaka kwa mnunuzi."

"Na huyo mnunuzi akianguka?"

"Huyo si mteja wangu, dada. Ni wako."

 Nilimwaza mwalimu yule na mkewe kama anaye, lakini nikawaza pia wateja wetu wanaohama, nikauona ugumu wa moyo wangu na bado nikasema, "Fungua, uweke."

Bi Upepo akaiegemeza pikipiki kwenye kreti, akalegeza nati kubwa, akachomoa gurudumu la nyuma. Alilizungusha mara moja hewani na kulisimamisha. Kicheko kikamfutika usoni.

"Njoo uone." Upande mmoja wa tairi letu la zamani ulikuwa na meno, hafifu lakini yapo. Upande wa pili ulikuwa kipara kitupu, laini kama kigoti cha mtoto. Akanionyesha na ile gia ya nyuma inayoshika cheni: kila jino limelika upande huo huo. "Gurudumu hili lilikuwa limekaa mshazari. Limetembea limepinda wiki nyingi. Aliyekaza cheni mara ya mwisho ni nani?"

"Kwani cheni inahusiana nini na tairi?"

"Ina nati mbili za kuvutia, moja kila upande. Ukizivuta sawa, gurudumu linakaa sawa. Huyu fundi wenu kavuta moja tu, ya upande wa cheni. Nyingine haijaguswa, kutu yake hii hapa. Ikija mvua na tairi kipara, hata awe dereva wa namna gani, kona lazima imlaze."

Nikalikalia lile tairi la miaka kumi na mmoja.

Fundi huyo ni mimi. Mwezi kabla ya mvua, Baba Pacha alikwenda kwenye msiba wa shangazi yake, na cheni ilikuwa inapigapiga. Nikasema pesa ya fundi ya nini, nami nina spana na akili. Nilishawaona mafundi wanavyolegeza nati kubwa. Pikipiki ilikuwa imeegemezwa ukutani, upande wa pili hata sikuutazama. Cherehani ina skrubu moja ya kukaza uzi. Miaka ishirini nimeikaza hiyo moja, na mshono unanyooka. Haikunijia akilini kwamba kuna chombo duniani kinachohitaji kukazwa pande mbili. Nilizungusha, cheni ikatulia, nikajisifu. Baba Pacha aliporudi nikamwambia, "Umeona? Nimeokoa pesa."

Nyani haoni kundule. Nusu mwaka nimemhukumu mtu kwa kosa la mkono wangu.

Nitasema ukweli: nilifikiria kunyamaza. Shahidi alikuwa Bi Upepo peke yake, na yeye hamjui mume wangu. Ningeweka matairi yanayong'aa, mwalimu angechukua, na hakuna ambaye angejua. Lakini nilimkumbuka Baba Pacha anavyopanda kilima na mzigo begani, akiipita ile kona kwa upande wa mbali wa barabara, na roho ikanisuta vibaya sana.

"Ondoa haya," nikasema. "Nataka ya kuendeshea."

"Pesa imeongezeka ghafla?"

"Haijaongezeka. Niambie inatosha nini."

Hapo ndipo nilipomwona Bi Upepo kazini. Alichuchumaa mbele, akaingiza ukucha kwenye meno ya tairi la mbele, akasoma tarakimu zake, akalifinya kama nilivyolifinya lile. "Hili bado lina uhai, lina miaka miwili tu. Liache. Nyuma ndiko kwenye uzito, na ndiko kulikokuuma. Nunua moja jipya badala ya mawili yaliyokufa." Akaingia dukani, akarudi na tairi lisilo na mng'ao wowote, limejaa vinywele vya mpira, jina lake sijawahi kulisikia. "Hawa watengenezaji hawana tangazo hata moja, ndiyo maana bei yake unaiweza. Lakini limetengenezwa mwaka huu. Shika."

Nilishika. Lilikuwa zito, na nilipolifinya lilinirudishia kidole changu.

Tulivutana bei kidogo, kwa heshima ya biashara tu. Akalifunga, kisha akaniita nikaze nati zote mbili mwenyewe, nikilinganisha mistari iliyochongwa kulia na kushoto, mpaka aliporidhika. "Tairi jipya huteleza siku za kwanza," akaniagiza. "Mwambie aende taratibu mpaka vinywele vitoke."

Nilimkuta Baba Pacha ndani, anashona vifungo kwenye mashati. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Yote yalipotea, nikasema tu, "Wewe hukushindwa na kona. Mimi ndiye niliyepinda gurudumu. Nisamehe."

Alichomeka sindano kwenye shati, akatoka nje, akachuchumaa kando ya pikipiki. Nilimweleza yote. Aliihesabu mistari ya kulia kwa ukucha, akahesabu ya kushoto, akarudia. 

"Ilikuwa inanivuta," akasema mwishowe. "Wiki zote zile nilihisi inanivuta upande mmoja. Nilipoanguka nikajiambia, acha kutafuta kisingizio, mwanamume mzima." Akanitazama. "Skrubu moja, Mama Pacha?"

"Kama ya cherehani."

Alicheka mpaka machozi, nami nikalia kabisa, bila kicheko. Nilidhani yameisha. Alipokwisha kujifuta uso akasema kwa upole, "Haya umeniambia mimi, uani, tukiwa wawili. Yale uliyasemea barazani, mbele ya watu."

Usiku huo na uliofuata nililala vibaya.

Jumamosi mwalimu wa hesabu akaja, na kama kawaida mgeni akiingia kwetu majirani nao hukumbuka kuwa wana kitu cha kuazima. Wakajaa. Mwalimu akaipapasa siti, akaulizia funguo.

Nikapanda barazani, pale pale.  "Mwalimu, utusamehe kwa usumbufu," nikasema kwa sauti ile ile ya siku ile, maana ninayo. "Pikipiki haiuzwi. Na ninyi majirani, mliosikia la kwanza sikieni na la pili. Mume wangu chombo hakikumshinda. Cheni niliikaza mimi, nikaikaza vibaya, nikampindia gurudumu, halafu nikamtukana mbele yenu. Kosa ni langu."

 Kisha jirani wa mlango wa pili akaguna, "Leo Mama Pacha kakosea!" na kicheko kikaanza, na safari hii kilikuwa changu, nikakipokea.

 Baba Pacha aliingia ndani, akatoka na helmeti iliyokaa msumarini tangu masika, akaipuliza vumbi. Akafunga mzigo wa sare nyuma, akavuta kamba mara mbili, akaketi. Injini ilikataa, ikakataa tena, ya tatu ikashika.

"Taratibu!" nilipiga kelele. "Tairi bado lina vinywele!"

"Mwache aendeshe!" majirani wote wakanijibu kwa pamoja.

Nikafunga mdomo. Alishuka polepole, akatupotea nyuma ya tangi la maji. Tukausikia mlio ukipungua pale kwenye kona, ukipungua zaidi, halafu ukapanda tena upande wa pili.