Mhunzi wa Chumba cha Pili

Kila alasiri, mhudumu wa makumbusho alipokuwa akifuta vioo vya chumba cha pili, marehemu baba yake aliingia, akafungua kabati la kioo na kukaa kwenye kigoda chake cha uhunzi, katikati ya nyundo, koleo na mivukuto yake mwenyewe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kaka yako amekuja?"

"Bado."

"Basi namsubiri. Nikishamwona nitapumzika."

Si kuja kwa baba kulikomchosha mhudumu. Mzee hakuwa na makuu. Wageni wa mbali walimpiga picha, naye alitoka vizuri. Kilichomchosha ni hiyo "bado" ya kila siku, ilhali duka la magodoro la kaka yake lilikuwa ng'ambo ya barabara, mlango wake ukitazamana na lango la makumbusho. Langoni hapo palining'inia bango: WAKAZI, TEMBELEENI MAKUMBUSHO YENU, KIINGILIO BURE. Alilitundika yeye, na kaka yake ndiye aliyemshikia ngazi.

Ijumaa akavuka barabara.

"Kaka, baba anakuulizia."

"Bado anakuja tu? King'ang'anizi yule! Hajambo lakini?"

"Hajambo. Njoo umwone, hata kidogo tu."

"Sasa mdogo wangu, niende kutazama koleo? Koleo lile si lilinifinya vidole utotoni? Nalijua vizuri. Pale ni kwa wageni na watoto wa shule." Akamwona dada yake kanuna. "Haya, kesho. Haki ya Mungu."

"Kesho hiyo umeisema tangu mvua zilizopita."

"Basi ndiyo hii yenyewe." Akacheka, akapigapiga godoro kumwonyesha mteja.

Jumamosi baba alikuja tangu asubuhi, shati kalifunga vifungo hadi shingoni. Nyundo ilikuwa imesuguliwa ikang'aa. Wakangoja wote wawili, na mhudumu aliona uchungu kumtazama mzee akijinyoosha kola kila mlango ulipolia.

Mchana kaka akaingia mbio. Mhudumu akamwendea haraka.

"Dada, choo kiko wapi? Cha dukani kimeziba."

Akamwonyesha: mwisho wa ukumbi, mkono wa kulia. Chumba cha pili kilikuwa hapohapo, mkono wa kushoto, mlango wazi.

Kaka akatoka akijifutia mikono kwenye suruali. "Mna choo kisafi, hongereni. Mzee yupo?"

"Yupo humo. Geuza shingo tu."

"Msalimie sana. Nimeacha mteja." Akavuka barabara huyo, amekwenda zake.

Mhudumu alitamani kumrushia ndoo. Akaingia chumbani badala yake. Baba alikuwa amesikia yote.

"Sauti yake imekuwa nzito," mzee alisema. "Amekuwa mtu mzima."

Jumatatu mhudumu alipofungua makumbusho, kabati lilikuwa wazi na kigoda hakimo. Baba alikuwa amekihamishia mwisho wa ukumbi, kando ya mlango wa choo, naye amekikalia, vifungo hadi shingoni.

"Hapa hatanipita," alisema.

"Sawa, baba."

Akaleta nguzo na kamba zinazozungushiwa vitu vya maonyesho, akamzungushia ili watu wasimkanyage, akaacha nafasi ya mlango kufunguka. Kisha akarudi kufuta kioo cha kabati tupu. Hakumwambia kwamba mafundi walikwishazibua choo cha dukani jana yake.