Bomba Jembamba

Kwetu Uluguruni mjomba si ndugu wa mama tu. Ana neno kwenye ndoa yako, kwenye shamba lako, na ukifa ataulizwa uzikwe wapi. Sasa mjomba huyo awe ndiye aliyekulipia ada ya chuo cha ufundi, awe ndiye fundi mkuu wako, halafu akosee. Utamwambia nini? Mimi nilishindwa, na tangu Desemba nimekaa nyumbani Mzinga najiuma vidole.

Kazi yenyewe ilikuwa Kihonda, kwenye maabara ya Daktari Margareth. Tulikwenda Septemba kufunga kiyoyozi katika chumba cha mashine ya kupimia damu. Daktari alinivuta pembeni akaniambia wazi: kazi hii ikienda vizuri, Januari ninaajiriwa kutunza viyoyozi vya jengo lake jipya, vyumba sita. Nilikuwa na miaka thelathini na moja na sijawahi kupokea mshahara hata mara moja. Niliitaka ajira ile kuliko nilivyowahi kumtaka mwanamume yeyote.

Kiyoyozi kina mabomba mawili ya shaba, nene na jembamba, yanayotoka mashine ya nje hadi ya ndani. Yetu yalipita juu ya dari. Kila moja linavishwa sponji yake, maana bomba la baridi kwenye hewa yenye unyevu hutoa jasho kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Lakini Mjomba Athumani alijifunzia mashine za zamani, ambazo bomba jembamba lilikuwa vuguvugu. Za siku hizi yote mawili ni baridi. Hilo hakulijua, na hakuwa na mpango wa kulijua.

"Mjomba, na hili jembamba tulivishe," nilisema kwa sauti ya chini, sponji mkononi.

Alicheka, akamgeukia Daktari aliyesimama mlangoni. "Unamsikia mpwa wangu? Anataka kulivalisha koti bomba la moto! Ndiyo mambo ya chuo hayo, Daktari."

Daktari akacheka. Na mimi nikacheka, mjinga mimi. Nikairudisha sponji mfukoni, dari la jipsamu likafungwa.

Ningeweza kurudi peke yangu nikamwomba Daktari dari lifunguliwe. Lakini hiyo ingekuwa kumwambia kwamba mjomba wangu hajui kazi, na kwetu mtu hamvui nguo mjomba wake mbele za watu. Tena Septemba ile ilikuwa kavu, hakuna tone lililodondoka. Nikajipa moyo kwamba labda halitadondoka.

Vuli ikaja, hewa ikawa nzito. Jumatatu moja ya Desemba Daktari alitupigia simu. Tulipofika, kipande cha dari kilikuwa kimelowa na kuangukia mashine ya damu, maji yameingia ndani, haiwaki. Nje wagonjwa walikuwa wanaambiwa warudi nyumbani.

Daktari alipanda ngazi, akaligusa bomba jembamba lililo uchi, akashuka na kiganja kinachotiririka maji.

"Nani alivisha mabomba haya?"

Mjomba alitazama sakafu. Ana miaka sitini na minne. Nilimsubiri. Wallahi nilimsubiri.

"Ni mimi, Daktari," nikasema. "Hilo jembamba nililisahau."

Nilidhani atanikatiza. Nilimwachia nafasi kabisa. Yeye akachukua ngazi, akaitoa nje.

"Maimuna," Daktari akasema, "jina lako nilikuwa nimeshaliandika." Nilikusanya vifaa, machozi yakinidondoka bila kuyafuta.

Nyumbani Mzinga, Mama alikuwa ametuwekea chakula. Mjomba akanawa, akaanza kumsimulia: bomba, sponji, dari, jinsi nilivyosahau. Nilimkazia macho nikitafuta dalili yoyote, hata ya aibu. Sikuiona. Alikuwa anasimulia kwa uchungu wa kweli, kama mtu aliyeangushwa na mwanafunzi wake. Angekuwa anasema uongo ningeuvumilia. Lakini njiani, kati ya Kihonda na Mzinga, alikuwa ameshaamini.

Mama akanigeukia kwa hasira. "Yaani ada yote ile, Maimuna, unasahau?"

"Dada, usimgombeze," Mjomba akasema, akinisogezea kipande kikubwa cha samaki. "Bado anajifunza. Nitamfundisha upya."

"Haya, mshukuru mjomba wako," Mama akasema.

Walikuwa wananitazama wote wawili, wakisubiri.

"Ahsante, Mjomba," nikasema.