Sisimizi Tuliowalisha Wenyewe

Binti yangu Rhonda alipiga simu Alhamisi kutoka Atlanta, akasema Jumapili baada ya kanisa atakuja kula nasi, na kwamba kuna jambo anataka tulizungumze "kwa utulivu". Nikajua hapo hapo. Mtoto akitaka kuzungumza na mama yake kwa utulivu, ujue keshaamua. Tangu majira ya baridi alikuwa anatuzungushia habari za nyumba moja ya wazee karibu na kwake, yenye bustani, wauguzi, na mchezo wa bingo kila Jumanne. Mimi na mdogo wangu Imogene tunaishi wenyewe katika nyumba hii tangu waume zetu watangulie, na hatukuwa na mpango wa kuondoka ila kwa kubebwa. Bingo! Mimi na bingo wapi na wapi?

Nikakata simu, nikageuka nimweleze Imogene, na ndipo nikawaona. Sisimizi! Mstari mweusi unashuka kwenye pembe ya dirisha la jikoni, unapita nyuma ya jiko, unaingia kabati la sukari, tena bila haraka, utadhani wao ndio wenye nyumba na sisi wapangaji.

"Imogene! Niletee dawa ya kupuliza!"

"Dada, usipulize," akasema, huku anatafuna ubani wake. Imogene aliacha sigara zamani, na tangu hapo taya lake halijapumzika. "Ukiwaua hawa unaowaona, wenzao watatafuta njia nyingine."

"Watafute njia ya kaburini!"

Nikapuliza mpaka tukakohoa sote wawili. Mstari ukakatika, maiti zikalala nyuma ya jiko, nami nikaenda kulala na furaha yangu. Ijumaa asubuhi naingia jikoni, lo! Wanatoka kwenye swichi ya taa. Wanatoka chini ya sinki. Wengine, haki ya Mungu, wanatoka ndani ya kibaniko cha mkate, wamejaa tele, wazima wa afya.

Imogene hakusema "nilikwambia". Alinitazama tu, akatafuna, na hilo liliniudhi zaidi. Kisha akachukua boraksi, ule unga mweupe tunaofulia nguo, akakoroga kidogo kwenye maji ya sukari.

"Mbona kidogo hivyo? Tia tele!" nikamwambia.

"Ukizidisha wanafia njiani. Tunataka wafike kwao, wamlishe malkia na watoto. Wakishakula wote, basi."

Akamimina kwenye vizibo vya chupa, akavipanga dirishani, kando ya sinki, na sakafuni karibu na mlango. Halafu akaninyooshea kidole, mimi dada yake mkubwa. "Sasa usiwapulizie, usiwafute, usiwakanyage. Waache wale kwa siku chache."

"Siku chache? Rhonda anakuja keshokutwa!"

"Ndiyo hivyo."

Jamani, mmewahi kukaa jikoni kwenu mkimtazama adui anakula kwa nafasi? Nilishinda na kandambili mkononi. Jumamosi walizidi, nadhani walialikana, ukoo mzima, mpaka na wakwe. Wamezunguka vizibo kama watu wa kanisa letu wakisikia kuna kuku. Kila nilipoinua kandambili, Imogene alikohoa chumbani. Sijui aliniona vipi.

Jumapili tulirudi kutoka kanisani na kofia zetu vichwani, na hatukuwahi hata kuzivua, gari la Rhonda likawa limeingia. Nilikuwa nimekaanga kuku, nimeoka mkate wa mahindi, na pai ya pichi nilikuwa nimeiweka katikati ya karai la maji, kama mama yetu alivyofanya kila kiangazi. Sisimizi hajui kuogelea. Mpango wetu ulikuwa mmoja tu: Rhonda asitie mguu jikoni.

Alitukumbatia, akaketi, akaionja chai baridi. "Ngoja nikachukue barafu," akasema.

"Nitakuletea!" tukapiga kelele pamoja.

Hilo ndilo kosa. Rhonda akainua jicho, akainuka. Imogene akamtangulia mlangoni, akaikunjua sketi yake kwa mikono miwili.

"Mama mdogo, mbona umesimama hivyo?"

"Mgongo, mwanangu."

Rhonda akampita kwa pembeni. Akaona mwanga wa dirisha, akaona weusi unaotembea, akainua mguu wake wenye kiatu kirefu juu ya kizibo cha sakafuni, na mimi kinywa changu kikanitangulia.

"Usiwakanyage! Waache wale!"

Rhonda alibaki na mguu hewani. Akatazama vizibo. Akatazama pai kwenye karai. Akatutazama sisi, vikongwe wawili wenye kofia za maua. Polepole akaushusha mguu, akafungua mkoba, akatoa kijitabu cha kung'aa chenye picha ya wazee wanaocheka juu ya meza ya bingo. Akakiweka kwenye meza ya jikoni. Na sauti! Ile sauti ya kumbembeleza mtoto mchanga.

"Mama. Leo ni siku gani?"

"Ni Jumapili, na ukiniuliza tena nitakuchapa, na uzee wako huo."

"Mama, unawalisha sisimizi. Sakafuni. Kwenye vizibo. Na pai inaoga."

"Ni sumu!" nikasema.

"Umetia sumu kwenye pai?"

"Siyo pai! Pai ni kwa sababu ya mama yetu!"

"Ni boraksi," Imogene akadakia, "ya kumpelekea malkia."

Rhonda akafumba macho. "Malkia," akasema taratibu.

Hapo niliogopa kweli, nisidanganye. Nyumba niliyoingia bibi harusi, nikalea mtoto humu, nikamuuguza mume wangu humu mpaka akafa, naiona inaniponyoka kwa ajili ya mdudu asiyefika ukubwa wa mbegu ya ufuta. Na binti yangu hakuwa na ubaya. Alikuwa na machozi machoni, na hilo ndilo lililonitisha.

"Hata kama ni sumu, Mama," akasema, "nyumba imewashinda. Wamejaa hivi! Wametoka wapi?"

Ala! Swali la maana hilo. Siku zote zile nilikuwa nauangalia mdomo wao unakula wapi, wala sikuwaza wanaanzia wapi.

"Vua viatu," nikamwambia.

"Nini?"

"Vua viatu, piga magoti. Tunawafuata."

Sijui kwa nini alikubali. Labda alihofia kunibishia. Basi tukashuka sakafuni sote watatu, Imogene mbele, kofia zinagongana, Rhonda nyuma anaiomboleza soksi yake ndefu. Tukafuata mstari kinyumenyume kutoka kwenye vizibo, nyuma ya jiko, tukapanda nao ukutani kwa macho hadi pembe ya dirisha, ambapo mbao zilikuwa zimeachana, pana ufa wa kupitisha kadi.

"Nje!" akasema Imogene.

Tukatoka mbio, Rhonda pekupeku. Tukausaka mstari juu ya ukuta wa nje, ukapanda, ukapanda, ukafika chini ya paa, ukaingia kwenye ndoano, ukateremka kwenye uzi. Na mwisho wa uzi ilining'inia ile chupa nyekundu ya maji ya sukari, ya kuwaita vile vindege vidogo vya kuvuma, wanywaji wa maji matamu ya maua. Imeinamia upande, inadondosha tone, tone, ukuta wote unanata, na sisimizi juu yake hata rangi ya chupa haionekani. Kindege kimoja kikaja, kikaning'inia hewani, kikaiona karamu ile, kikaondoka kwa hasira.

Nikaitazama chupa. Imogene akaitazama chupa. Rhonda akatazama miguu yake.

"Rhonda," nikasema, "nani alituletea zawadi hii Siku ya Akina Mama?"

Rhonda akaanza kupangusa nyayo zake kwenye nyasi.

"Nani alipanda ngazi, akaitundika mwenyewe juu ya dirisha la jikoni, ili mama asikae mpweke?"

"Mama..."

"Nakuuliza kwa utulivu, mwanangu. Nani anawalisha sisimizi hapa?"

Imogene ndiye aliyepasuka kwanza, akacheka mpaka kofia ikamwangukia puani. Rhonda akajaribu kujikaza, wapi! Akaketi kitako katikati ya maua yangu, akacheka huku analia, akawa anasema "malkia, malkia," na kuanza upya. Mimi nilishika ukuta unaonata. Mbavu ziliniuma hadi Jumatano.

Kisha tukafanya kazi. Tuliihamishia chupa kwenye nguzo ya kamba ya nguo, mbali na nyumba. Mimi nikaleta kifuniko cha kopo la dawa ya nywele, nikakitoboa, nikapitisha waya, Imogene akatoa ubani kinywani akaziba tundu, tukajaza maji na kukitundika juu ya chupa. Sisimizi akitaka kushuka, avuke bahari. Ufa wa dirisha tuliusugulia sabuni ya mche hadi tupate mtu wa kuuziba vizuri, na ukuta tukauosha kwa siki. Vizibo hatukuvigusa. Waliokuwa ndani waliachwa wamalize chakula chao.

"Mama," Rhonda akasema kwa sauti ndogo, tukiwa jikoni, "bafuni kwangu wapo tangu Aprili. Napuliza kila siku."

Imogene akafungua ubani mpya. "Ukipuliza," akaanza, na safari hii ni mimi niliyekohoa.

Rhonda akainama nyuma ya jiko, kwenye zile maiti zangu za Alhamisi, akatafuta cha kuzolea. Akapapasa mezani, akakishika kijitabu cha kung'aa, akakikunja katikati, akazoa sisimizi wote na kutupa vyote pamoja kwenye pipa. Akanawa mikono, akaiopoa pai kutoka kwenye maji.

"Na lile jambo ulilotaka tuzungumze?" nikamuuliza.

"Jambo gani?" akasema, akaanza kukata pai.